Ripoti ya Mama Mfumo

Mtu aliyeitwa Mama Mfumo pale kituo cha damu hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kisicho na dirisha, kati ya stoo ya mifuko mitupu na chumba cha majokofu. Humo mlikuwa na feni moja tu, nayo iliielekea seva, mashine iliyobeba mfumo wote wa kituo. Ukimwuliza kwa nini hajielekezei yeye, alikujibu, "Mimi nikipata joto natoka jasho. Hii ikipata joto inakufa."

Alipoajiriwa, miaka kumi na mmoja nyuma, wachangiaji damu waliandikwa kwenye kadi za manjano. Hospitali ikipiga simu kuulizia kundi adimu, watu watatu walipekua makasha huku mgonjwa akisubiri. Yeye akaingia mtandaoni, akachukua programu huria, zile ambazo waliozitengeneza wameuacha msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, wazi, kila mtu ausome, aubadili na autumie bila kuomba ruhusa ya mtu. Juu yake akajenga tovuti ya kituo na hifadhidata nyuma yake. Kazi ilimchukua miezi minane. Tangu hapo, hospitali ikiandika kundi la damu inalolitaka, inaona papo hapo mifuko mingapi ipo, iko jokofu lipi, na ni mchangiaji gani wa kuitwa ikipungua.

Sifa ni tamu, na Mama Mfumo alizila akashiba. Walipomwuliza ameandika wapi namna mfumo unavyofanya kazi, alijigonga kipaji cha uso. "Hapa," alisema, na watu wakacheka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima chake kilianza kumfunika mwaka mumewe alipohamishwa. Mume alikuwa mpima barabara, mtu mpole wa maneno machache, na kazi ilimpeleka mji wa mbali, saa kumi na mbili kwa basi. Walikubaliana mke atafuata baada ya miezi mitatu. Chuo cha ufundi cha kule kilitaka mwalimu wa kompyuta. Akaandika barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi, daktari mwenye mvi na adabu nyingi, aliisoma, akaikunja, akauliza swali moja.

"Mama, ukiondoka leo, kesho mfumo ukilala, nani atauamsha?"

Alirudi ofisini na barua yake mkononi. Mwaka uliofuata aliandika nyingine, na mwaka wa tatu nyingine tena. Swali lilikuwa lilelile, na aliyekosa jibu alikuwa yuleyule.

Binti yao wa miaka minane alibaki naye mwanzoni. Lakini jioni ngapi mtoto atafanyia kazi za shule kwenye benchi la wachangiaji, akisubiri mama amalize "dakika mbili tu"? Mwishowe baba alikuja kumchukua. Kule kulikuwa na shangazi yake. Sasa mama na mwana walionana kwenye kioo cha simu.

"Mama, huo mfumo wako unaumwa kila siku?" binti aliuliza mara moja. "Si mwupeleke hospitali?"

"Hospitali ndizo zinazousubiri, mwanangu."

Alicheka alipojibu. Baada ya simu kukatika aliendelea kukitazama kioo mpaka kikazima chenyewe.

Likizo alikwisha jaribu mara mbili. Ya kwanza, aliitwa kabla basi halijafika nusu ya safari, akashuka na kupanda la kurudi. Ya pili alifika, lakini siku nzima aliipitisha uani amepiga magoti, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitafuta mahali mtandao unaposhika. Mumewe alimletea chakula palepale, akakiweka chini, akarudi ndani. Hilo lilimuuma kuliko ugomvi.

Kisha likaja jambo la jino.

Jino lilikuwa limemsumbua wiki tatu, na hatimaye asubuhi moja alienda kuling'oa. Ganzi ilikuwa imeshika, daktari wa meno ameshachukua koleo, simu ikalia kwenye mkoba. Ikalia tena. Mara ya tano daktari akaweka koleo chini. "Pokea, mama, maana hata mimi mkono unanitetemeka."

Alikuwa Sindano, muuguzi mkuu wa chumba cha kutolea damu. Jina lile walimpa kwa wembamba wake, na wengine walisema kwa ulimi wake. Alimzidi Mama Mfumo miaka kumi, na alimwita mdogo wangu.

"Mdogo wangu, mfumo umelala. Kioo cheupe. Hospitali ya wazazi wanataka O hasi, mama amejifungua na damu haikatiki. Nifanye nini?"

"Anhia heva," alisema Mama Mfumo.

"Nini?"

"Heva! Anhia na heva!"

"Anza na Eva? Eva gani tena? Hapa hakuna Eva!"

Alijaribu kutamka "anzia seva" neno moja moja, mdomo umelegea kama kitambaa kilicholowa, udenda unamtiririka kidevuni. Alitamka nywila, nayo ilikuwa ndefu. Sindano aliandika, akabonyeza, ikamkataa. Mara ya tatu mashine ikajifunga kabisa. Mama Mfumo alitoka mbio na jino lake kinywani, kitambaa cha daktari kikiwa bado kimefungwa shingoni. Alipofika, Sindano alikuwa amekwisha acha kompyuta akaingia kwenye majokofu, akapekua mifuko kwa mkono, mmoja mmoja. O hasi ilikuwepo, mifuko miwili. Ilichelewa dakika arobaini. Yule mzazi alipona, lakini daktari wake alimwambia Mkurugenzi kwenye simu, kila mtu akisikia, "Dakika kumi zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

Kesho yake Mkurugenzi alimwita.

"Sikulaumu, Mama. Najilaumu mimi. Kuna kampuni inauza mfumo wa vituo vya damu, umekamilika, na wahandisi wake wapo saa zote. Nataka ripoti. Huu wetu wa huria na ule wa kampuni, uulinganishe upande kwa upande. Bodi inakaa mwisho wa mwezi. Utakaloliandika ndilo watakalolifuata, maana mwingine anayejua hatuna."

Mama Mfumo alitoka mle miguu myepesi. Kwa miaka mitatu mlango haukuonekana, na sasa alikuwa amekabidhiwa kalamu ya kuuchora mwenyewe. Wakinunua, ataondoka. Swali la nani atauamsha litajibiwa na kampuni.

Mwuzaji wa kampuni alifika wiki ile. Alikuwa bwana mnene mchangamfu, mwenye viatu visivyojua vumbi. Alimwonyesha mfumo wao, na kusema kweli ulikuwa mzuri: rangi tulivu, vitufe vikubwa, ramani inayoonyesha damu iko wapi. Ule wa kwake, ukiutazama pembeni, ulifanana na fomu ya kuombea kibali.

"Sisi tunakutua mzigo, Mama," alisema. "Mfumo ukilala unatupigia, mhandisi wetu anaushika. Wewe unang'oa jino lako kwa raha zako." Kumbe habari ilishamfikia.

"Nikitaka kubadili kitu?"

"Unaandika ombi."

"Linajibiwa lini?"

"Inategemea foleni."

"Msimbo wake nitauona?"

Bwana yule akacheka kwa upole. "Msimbo ni mali ya kampuni. Hata mimi, miaka sita nauza, sijauona."

"Na siku tukitaka kuondoka na kumbukumbu zetu?"

"Kwani mtake kuondoka kwa nini?"

Aliwaachia mfumo wa kujaribu kwa wiki mbili. Jioni ile Mama Mfumo alimsimulia mumewe yote kwenye simu.

"Andika wanunue," alisema mume. Kisha akaongeza, "Uje. Mtoto ameanza kumwita dada yangu mama. Anajisahihisha, lakini ameanza."

Usiombe usikie neno kama hilo. Siku iliyofuata alifunga mlango akaandika kurasa sita bila kunyanyua kichwa. Mfumo wa kampuni: imara, una wenyewe, una msaada. Mfumo huria: umechakaa, hauna mhandisi wa akiba. Kila sentensi ilikuwa kweli. Hata hivyo kuna namna ya kupanga kweli mpaka ikawa uongo, na alipofika ukurasa wa saba mkono ulisita.

Akafanya jaribio. Aliingiza kwenye mfumo wa kampuni wachangiaji mia mbili wa kubuni, na majina, makundi, tarehe, kila kitu, kisha akaandika ombi arudishiwe kumbukumbu zake. Zilirudi baada ya siku tano. Zilikuwa picha. Kurasa arobaini na moja za picha, majina kwenye visanduku, yanasomeka vizuri kwa macho lakini huwezi kuyatafuta, kuyapanga, wala kuyamimina kwenye hifadhidata nyingine. Aliutazama mkataba upya. Lilikuwemo, ukurasa wa kumi na tisa, kwa herufi za mchanga: mteja akiondoka atapewa "nakala inayosomeka".

Kituo kilikuwa na wachangiaji elfu arobaini na mbili. Siku kampuni ikipandisha bei au ikifunga duka, hao wote wangegeuka kuwa kadi za manjano tena. Alijua pia siku hiyo yeye angekuwa mbali, anafundisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Hilo ndilo lililomkera. Alizichana zile kurasa sita, akaanza nyingine, na safari hii aliikaanga kampuni bila mafuta. Alipomaliza alimpelekea Sindano asome kwanza, kwa sababu Sindano hakuwa mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sindano aliivaa miwani, akasoma amesimama, kalamu sikioni.

"Umeandika vizuri," alisema. "Wakituuzia watatufungia ndani."

"Ndiyo, dada."

"Funguo watabaki nazo wao, sisi tutakuwa wapangaji kwenye nyumba yetu."

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Mdogo wangu, siku ile ya jino nilikaa mbele ya mashine yako. Faili moja inaitwa mpya, nyingine mpya mpya, nyingine mpya kweli. Nywila yako kama dua. Hakuna mstari hata mmoja unaosema hiki ni nini. Unasema programu hii ni huria, ni ya kila mtu. Haya, mimi ni kila mtu. Mbona sikuweza kuingia?"

"Nyie hamjasomea, dada. Ningewafundisha lini, na kazi yote hii?"

"Miaka kumi na mmoja." Sindano alivua miwani. "Yule wa kampuni anaficha msimbo kwa sababu ni biashara yake. Wewe ulikuwa unaficha wa nini?"

Mama Mfumo alichukua karatasi zake akarudi chumbani kwake, akakaa kwenye kiti chake, hasira zikimpanda na kumshuka. Alitaka kusema hakuwahi kuficha kitu. Lakini akakumbuka karani wa kumbukumbu, mwanamume mtaratibu wa makamo, aliyewahi kumwomba mara mbili amwonyeshe japo namna ya kuiwasha seva. Mara zote mbili alimjibu, "Acha tu, nitafanya mwenyewe." Akakumbuka na raha aliyoisikia akilisema. Simu ilipolia usiku na mchana alilalamika, kweli, lakini kila ilipolia ilikuwa inamwambia wewe ndiye. Kumbe mlango alioutafuta miaka mitatu, aliyeuegemea kwa ndani ni yeye.

Akaongeza ukurasa mmoja. Ulikuwa mgumu kuliko yote. Aliandika kwamba mfumo wa kampuni umefungwa kwa mkataba, na huu wa huria umefungwa kwa mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ndiye anayeandika ripoti. Alipendekeza kituo kibaki na mfumo wake wa huria, kwa masharti mawili: watu wawili wafundishwe na kila kitu kiandikwe; na yeye aondoke baada ya miezi sita.

Bodi ilikaa. Watu saba, meza ndefu, chupa za maji. Mkurugenzi alisoma ripoti kwa sauti, na alipofika kwenye picha arobaini na moja, mzee mmoja wa bodi alipiga meza. Walipiga kura, wote saba walikataa kununua. Walimpongeza. Mwenyekiti alisema kituo kina bahati kuwa na mtu mkweli namna hii.

"Na ukurasa wa mwisho?" Mama Mfumo aliuliza.

Mkurugenzi alizikusanya karatasi, akazigonga mezani ziwe sawa. "Hilo la masharti tutalijadili kikao kijacho, Mama. Unaona mwenyewe, ripoti yako imetuonyesha jinsi tunavyokuhitaji."

Kikao kijacho kilikuwa baada ya miezi minne. Alitoka na pongezi zake, akapita korido mpaka chumbani, akafunga mlango. Alikuwa ameusema ukweli wote, wa kampuni na wa kwake, na ukweli umemkaza kamba zaidi. Feni ilivuma. Alimpigia mumewe, akamweleza. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," alisema. Neno lilikuwa hilohilo moja.

Hakulia. Saa tisa alasiri alienda chumba cha kutolea damu, akamkuta Sindano anakunja mikono ya koti, akamwambia, "Mlete na karani. Tunaanza leo. Bodi wakae watakapokaa."

Kufundisha kulimshinda mwanzoni. Karani alibonyeza taratibu, herufi moja kwa dakika, na mkono wa Mama Mfumo ulikuwa ukijirukia wenyewe kwenye vitufe.

"Ondoa mkono," alisema Sindano.

"Namsaidia tu."

"Unamnyang'anya. Ondoa."

Aliukalia mkono wake, kweli kweli, kama mtoto aliyekatazwa. Jioni aliandika daftari: seva inawashwa hivi, hifadhidata inanakiliwa hivi, kioo kikiwa cheupe anza hapa. Alipata aibu nyingi. Kulikuwa na sehemu za msimbo ambazo yeye mwenyewe aliziandika na hakujua tena kwa nini. Karani alimwuliza, "Hii inafanya nini, mama?" akajibu, "Sijui. Usiiguse." Sindano akasema liandikwe hivyohivyo, na likaandikwa: haijulikani, isiguswe.

Wiki ya tisa aliomba likizo ya siku nne. Mkurugenzi alisita. Sindano alikuwa mlangoni, daftari kwapani, akamwambia Mkurugenzi kwa adabu zote, "Daktari, mfumo ukilala tutauamsha. Ukitushinda, majokofu nayajua." Akaruhusiwa.

Siku ya kwanza kwa mumewe hakukuwa na simu. Alipika na wifi yake, alimsuka binti nywele. Binti alimwita mama mara moja tu bila kukosea, kisha akawa hamwiti kitu. Simu iliwekwa juu ya kabati. Kila alipopita aliitazama.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alishindwa. Alipiga yeye.

"Kuna salama, dada?"

"Salama tu. Ulilala saa nne asubuhi."

"Mfumo? Ulilala? Mbona hamkunipigia?"

"Tuliuamsha."

"Mliuamshaje?"

"Karani alizima seva nzima, akaiwasha."

"Seva nzima! Dada, haikuwa lazima kuzima yote, mngegusa hifadhidata peke yake, ukurasa wa kumi na nne, nimeandika kabisa—"

"Tumeuona ukurasa. Tuliogopa. Imechukua dakika kumi na tatu, na damu imefika inakotakiwa. Mdogo wangu, kuna mtu mkono umeshatunishwa mshipa hapa ananisubiri. Wasalimie."

Simu ikakatika. Mama Mfumo alibaki ameishika. Alifikiri angefurahi. Badala yake kitu kilimchoma chini ya kifua, kama mtu aliyerudi kwake akakuta kiti chake kimekaliwa. Dakika kumi na tatu. Yeye angetumia tatu. Laptopu ilikuwa kwenye begi. Angeweza kuingia kwa mbali, kutazama tu, kuhakikisha hawakuharibu kitu.

Mumewe alikuwa mlangoni, anamtazama.

"Wamezima seva nzima," alimwambia.

"Na ikawaka?"

"Ikawaka."

Mume akaitikia kwa kichwa. Nje binti alikuwa anamwita shangazi yake aje aone kitu fulani, na shangazi alikuwa hasikii. Mama Mfumo alilitazama begi. Jumatatu angekuwa tena kwenye chumba kile kisicho na dirisha. Bodi ilikuwa haijakaa, sehemu zisizojulikana zilikuwa bado hazijulikani, na mtu wa kumhesabia miezi sita hakuwepo. Binti akaita tena.

"Shangazi yako hasikii," alisema Mama Mfumo, akatoka uani. "Nionyeshe mimi."

Mtoto alimtazama, akapima. Kisha akasogea kidogo pale alipochuchumaa, akampisha nafasi.